Usimamizi wa Msimbo Chanzo wa Kerneli katika Zana za Uundaji wa Mifumo Pachikwa: Mfano wa Vifaa vya Upimaji Mwambaoni mwa Nyamyumba, Ziwa Kivu

Ikisiri

Vifaa vya kupima mazingira vinavyofungwa katika Afrika Mashariki mara nyingi huendeshwa na kerneli ya Linux iliyoandaliwa na muuzaji aliye mbali na mahali vinapotumika. Makala haya yanaeleza jinsi zana mbili za uundaji wa mifumo pachikwa, yaani Yocto Project na Buildroot, zinavyopata msimbo chanzo wa kerneli. Yanalinganisha njia tatu za kuupata msimbo huo, na kuonyesha athari za kila njia kwa taasisi ya umma inayotarajia kifaa kidumu kwa miaka kumi au zaidi. Mwambao wa Nyamyumba katika Ziwa Kivu umetumiwa kama mfano. Hoja kuu ni kwamba taasisi inayomiliki kifaa bila kushika msimbo chanzo wa kerneli yake, viraka vyake na maelekezo ya uundaji wake, imenunua kitu isichoweza kukitunza. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza utaratibu wa kitaalamu na masharti ya ununuzi.

Istilahi muhimu: kerneli, msimbo chanzo, mifumo pachikwa, zana za uundaji, hazina ya msimbo, ununuzi wa umma

1.0 Utangulizi

Tarafa (umurenge) ya Nyamyumba iko mwambaoni mwa Ziwa Kivu, katika Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Eneo hili linajulikana kwa chemchemi za maji moto na kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Ni katika mwambao huu, kwenye rasi ya Rubona, ambako gesi ya methani ilianza kuvunwa ziwani mwaka 1963 ili kuchemshia maji ya kiwanda hicho. Leo uvunaji wa gesi umekuwa sehemu ya uzalishaji wa umeme wa taifa: mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi una uwezo wa MW 26, na mradi wa Shema Power Lake Kivu wilayani Rubavu ulipangiwa MW 56.

Maji ya kina ya Ziwa Kivu yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Gesi hizo hubaki chini kwa sababu ya shinikizo la maji na kwa sababu matabaka ya ziwa hayachanganyiki kwa urahisi. Mkasa wa Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambako takriban watu 1,700 walifariki Agosti 1986 baada ya gesi kufumka kutoka ziwani, ndio unaowafanya wataalamu wafuatilie kwa makini uthabiti wa matabaka ya Kivu. Ng'ambo ya mpaka, Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, Januari 2002 na tena 22 Mei 2021. Matetemeko yaliyofuata mlipuko huo wa mwisho yaliharibu majengo Goma na Rubavu pia.

Kwa hiyo upimaji wa joto, shinikizo, chumvichumvi na mitikisiko katika eneo hili ni suala la usalama wa umma. Thamani ya vipimo hivyo imo katika mfululizo wake: kipimo cha leo kina maana kinapolinganishwa na cha miaka kumi iliyopita, na mfululizo huo hutegemea vifaa vinavyoendelea kufanya kazi. Hata hivyo, mijadala ya sera kuhusu vifaa vya namna hii hujikita zaidi katika vihisio, betri na mawasiliano. Ni nadra swali hili kuulizwa: je, kerneli ya kifaa hiki ikihitaji kurekebishwa, ni nani mwenye msimbo wake, na je, anaweza kuiunda upya?

Ili kujibu swali hilo, makala yanatumia kifaa cha mfano: kisanduku cha kukusanya vipimo kilichofungwa ufukweni Nyamyumba mwaka 2015, chenye prosesa ya jamii ya i.MX 6 ya kampuni ya Freescale na kerneli ya Linux toleo la 3.14. Kifaa hicho ni cha kufikirika na hakiwakilishi vifaa vya mtambo au taasisi yoyote iliyotajwa. Tarehe na matukio yanayohusu prosesa, kerneli na zana zake ni halisi.

2.0 Dhana za Msingi

Mfumo pachikwa ni kompyuta iliyojengwa ndani ya kifaa kingine kwa ajili ya kazi mahususi, kwa mfano ruta, mita ya umeme au kisanduku cha vipimo. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi: ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusimamia muda na kuzungumza na maunzi kupitia programu ndogo ziitwazo viendeshi. Msimbo chanzo ni maandishi yanayosomeka na mtaalamu kabla ya kompaila kuyageuza kuwa lugha ya mashine.

Kifaa kidogo hakina nguvu ya kujiundia kerneli yake. Kazi hiyo hufanywa katika kompyuta kubwa kwa kutumia zana ya uundaji, ambayo hupakua msimbo, huutia viraka, huusanidi, huukompaili na hatimaye hutoa taswira moja ya kupakia kwenye kifaa. Zana mbili zinazotumika sana ni Buildroot, iliyoanza mwaka 2001, na Yocto Project, iliyoanzishwa mwaka 2010 juu ya msingi wa OpenEmbedded. Buildroot hutegemea faili moja kuu ya usanidi. Yocto hutegemea mapishi, yaani faili zinazoeleza jinsi kila programu inavyopatikana na kuundwa. Mapishi hayo hupangwa katika matabaka yanayoweza kutunzwa na taasisi tofauti.

Inafaa kusisitiza kwamba “msimbo wa kerneli” wa kifaa fulani hauishii kwenye namba ya toleo. Una sehemu nne: msimbo wa asili, viraka vilivyoongezwa na muuzaji, faili ya usanidi inayoamua ni viendeshi vipi vimo, na maelezo ya maunzi yanayoieleza kerneli ubao ulivyoungwa. Sehemu moja ikipotea, zile tatu zilizobaki hazitoshi kuirudisha kerneli ileile.

3.0 Njia Tatu za Kuipa Zana Msimbo wa Kerneli

3.1 Kufuata ncha ya tawi

Katika njia ya kwanza, zana huelekezwa kwenye hazina ya mbali na kuambiwa ichukue toleo jipya kabisa la tawi fulani. Katika Yocto hili hufanyika kwa kuweka thamani ya AUTOREV katika kigeu cha SRCREV. Njia hii humfaa msanidi anayejaribu mabadiliko ya kila siku. Kwa kifaa kilichokwisha kufungwa ni hatari, kwa kuwa uundaji wa Jumatatu na wa Ijumaa unaweza kutoa kerneli mbili tofauti ilhali hakuna aliyebadilisha hata herufi moja katika mapishi. Kosa likijitokeza, haiwezekani kusema kwa uhakika ni msimbo upi uliolileta.

3.2 Kufunga toleo kwa hashi

Katika njia ya pili, mapishi hutaja hashi kamili ya badiliko linalotakiwa. Mfumo wa Git hukokotoa hashi hiyo kutokana na maudhui yenyewe pamoja na historia yote iliyotangulia, na hivyo anayebadilisha msimbo wa zamani kwa siri hubadilisha pia hashi zote zinazoufuata. Faida hiyo ilionekana mwaka 2011, seva za kernel.org zilipovamiwa: wasanidi waliokuwa na nakala zao waliweza kulinganisha hashi na kuthibitisha kama historia ya msimbo ilikuwa imeguswa. Buildroot hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa mafurushi yaliyobanwa, kwa kuhifadhi hashi ya kila furushi na kukataa lisilolingana.

Njia hii huhakikisha kwamba msimbo ukipatikana ni ule ule. Haihakikishi kwamba utapatikana.

3.3 Kutumia mti wa msimbo uliopo ndani

Katika njia ya tatu, zana husoma msimbo kutoka katika saraka ya kompyuta ya msanidi. Yocto hutoa amri ya devtool modify, ambayo huufungua msimbo katika eneo la kazi; msanidi akimaliza, devtool finish hugeuza mabadiliko yake kuwa viraka ndani ya tabaka husika. Buildroot hutumia kigeu cha LINUX_OVERRIDE_SRCDIR, na kigeu hicho kikiwekwa zana haipakui msimbo wala haitii viraka vilivyoorodheshwa. Huchukua saraka kama ilivyo.

Njia hii huharakisha kazi ya kurekebisha kiendeshi, lakini ina mtego wake. Msanidi anaweza kuunda taswira kutokana na mabadiliko ambayo hajayaingiza katika hazina yoyote, taswira hiyo ikapelekwa uwandani, na msimbo wake ukabaki katika kompyuta ndogo ya mtu mmoja. Mtu huyo akihamia kazi nyingine, msimbo huondoka naye. Dalili ya hali hiyo inaweza kuonekana kwenye kifaa chenyewe: iwapo chaguo la CONFIG_LOCALVERSION_AUTO liliwashwa, amri ya uname -r huonyesha sehemu ya hashi na, pale ambapo mti ulikuwa na mabadiliko yasiyoingizwa, neno “dirty” mwishoni. Mkaguzi asiye mwanaprogramu anaweza kuomba aonyeshwe mstari huo mmoja kabla ya kutia saini ya kupokea vifaa.

4.0 Anwani Inapohama

Turudi kwenye kifaa cha mfano. Mapishi yake ya mwaka 2015 yalifungwa kwa hashi na yalielekeza kwenye hazina ya Freescale, git.freescale.com. Desemba 2015 Freescale ilinunuliwa na NXP. Baadaye hazina za kerneli ya i.MX zilihamia source.codeaurora.org. Huduma hiyo nayo ilifungwa Machi 2023, na hazina zikawa tayari zimehamishiwa GitHub chini ya jina la nxp-imx. Katika muda usiofika miaka kumi, anwani ya msimbo uleule ilibadilika mara mbili.

Hata anwani isiyohama inaweza kuacha kuitika. Tarehe 15 Machi 2022 GitHub ilizima kabisa itifaki ya git isiyosimbwa, kwa sababu nzuri za kiusalama. Mapishi ya zamani ya Yocto yaliyoanza na git:// bila kutaja kwamba https itumike yalishindwa kupakua msimbo tangu siku hiyo, hata pale ambapo msimbo ulikuwapo na hashi ilikuwa sahihi.

Kwa kanda yetu lipo tatizo la tatu, nalo ni njia yenyewe ya mawasiliano. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na kuathiri intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Uundaji unaotegemea kupakua msimbo kutoka bara jingine husimama siku kama hizo, na huenda siku hiyo ndiyo kifaa kinapohitaji kurekebishwa.

Mifano hii haionyeshi uovu wa kampuni yoyote. Kampuni huunganishwa, huduma hufungwa na itifaki huzeeka. Huo ndio mwenendo wa kawaida wa sekta hii. Kosa ni la mmiliki wa kifaa anayeichukulia anwani ya mtu mwingine kuwa ghala lake.

5.0 Umri wa Kerneli na Umri wa Kifaa

Toleo la 3.14 lilitolewa Machi 2014, na matunzo yake ya muda mrefu yalikoma Septemba 2016. Kifaa kilichofungwa Nyamyumba mwaka 2015 kilibaki basi na kerneli isiyopokea marekebisho ya usalama kutoka kwa jumuiya ya Linux ndani ya miaka miwili, ilhali kisanduku, vihisio na paneli yake ya jua vingeweza kudumu mara tano ya muda huo.

Pengo hili halielekei kupungua lenyewe. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matunzo ya matoleo ya muda mrefu, yaliyokuwa yamefikia miaka sita, yangerudishwa kuwa miaka miwili kama kawaida. Tangu Februari 2024 jumuiya ya kerneli yenyewe hutoa namba za utambulisho wa udhaifu wa kiusalama, na idadi ya taarifa hizo imeongezeka sana. Taasisi isiyojua kerneli yake ina viendeshi vipi haiwezi kuchuja taarifa hizo. Itazipuuza zote au itaogopa zote. Hapa ndipo faili ya usanidi inapokuwa nyaraka ya usalama: udhaifu ulio katika kiendeshi ambacho hakikujumuishwa haukihusu kifaa.

Lipo pia suala la muda. Prosesa za i.MX 6 ni za biti 32, na kerneli za zamani za biti 32 huhesabu sekunde katika namba itakayojaa 19 Januari 2038. Uwezo wa kuvuka tarehe hiyo ulikamilishwa katika kerneli ya 5.6 mwaka 2020, na maktaba za programu zilihitaji marekebisho yake pia. Kwa mfululizo wa vipimo vya ziwa, saa inayorudi mwaka 1901 huharibu data kwa namna ambayo kihisio kizima hakiwezi kuirekebisha. Kuhamia kerneli mpya ni lazima kabla ya hapo. Mwenye viraka vya muuzaji vilivyotengwa vizuri anaweza kuangalia ni vipi vimekwisha kuingizwa katika Linux ya jumla na kubeba vichache vilivyobaki. Mwenye taswira tu hana pa kuanzia.

Yapo matunzo ya muda mrefu zaidi. Mradi wa Civil Infrastructure Platform, ulioanza mwaka 2016, hutunza matoleo machache ya kerneli kwa lengo la angalau miaka kumi, ukilenga miundombinu kama ya umeme na reli. Toleo la 5.0 la Yocto, liitwalo Scarthgap, lilitolewa Aprili 2024 na limepangiwa matunzo hadi Aprili 2028. Matunzo hayo humsaidia yule tu anayeweza kuunda upya mfumo wake.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza hatua tano ambazo maabara ndogo ya chuo au wakala wa serikali inaweza kuzitekeleza.

Kwanza, hashi kamili itumike katika kila uundaji unaokwenda uwandani, na ncha ya tawi iachwe kwa majaribio pekee.

Pili, kila kinachopakuliwa kihifadhiwe katika hazina ya taasisi. Yocto huweka vilivyopakuliwa katika saraka ya DL_DIR na, BB_GENERATE_MIRROR_TARBALLS ikiwashwa, hutengeneza mafurushi ya hazina za Git; kigeu cha PREMIRRORS huielekeza zana kutafuta kwanza katika ghala la ndani. Buildroot hupakua vyote kwa amri ya make source, na ghala la ndani hutajwa kwa BR2_PRIMARY_SITE. Gharama ya nafasi ni ndogo.

Tatu, uundaji ujaribiwe bila mtandao. Katika Yocto kigeu cha BB_NO_NETWORK huzuia upakuaji wowote. Jaribio hili lifanywe angalau mara moja kwa mwaka, kwenye kompyuta ambayo haikutumika kuunda taswira ya awali. Uundaji ukishindwa, ghala lina pengo, na ni heri pengo hilo ligunduliwe mezani kuliko ziwani.

Nne, viraka vitunzwe kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na maelezo ya sababu yake. Kiraka kimoja kikubwa chenye mabadiliko ya mwaka mzima hakiwezi kuhamishiwa toleo jipya.

Tano, kifaa kibebe utambulisho wake. Chaguo la CONFIG_IKCONFIG_PROC huiwezesha faili ya usanidi iliyohifadhiwa ndani ya kerneli kusomeka katika /proc/config.gz. Fundi aliyeko Rubona, akiwa na kebo tu, ataweza kujua kifaa kinaendesha nini.

Uwezo wa kutekeleza hayo umo katika kanda. Mradi wa WIMEA-ICT, uliounganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ulibuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha kwa ajili ya mazingira yetu. Aidha, mitandao ya utafiti na elimu iliyo chini ya UbuntuNet Alliance, kama vile KENET na RENU, ni mahali panapofaa kuweka ghala la pamoja la msimbo, ili kila taasisi isilazimike kujenga lake.

7.0 Athari kwa Sera na Ununuzi

Sheria iko upande wa mnunuzi kuliko inavyodhaniwa. Kerneli ya Linux hutolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Leseni hiyo humtaka anayesambaza kerneli iliyokompailiwa kuambatisha msimbo chanzo kamili unaolingana nayo, au ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa angalau miaka mitatu. Aidha, huhesabu kuwa sehemu ya msimbo huo maandishi yanayoongoza ukompaili na usakinishaji. Taasisi inayoomba msimbo haiombi fadhila. Lakini ahadi ya miaka mitatu huisha kabla ya kifaa kuchakaa. Kwa hiyo msimbo udaiwe siku ya kupokea vifaa. Buildroot hukusanya nyaraka hizo kwa amri ya make legal-info, na Yocto kwa kutumia darasa la archiver, hivyo muuzaji hana sababu ya kusema kazi ni kubwa.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Kanuni yake ya 2024/2847 kuhusu ustahimilivu wa mtandao, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika 11 Desemba 2027, humtaka mtengenezaji kushughulikia udhaifu wa bidhaa kwa kipindi ambacho kwa kawaida hakipungui miaka mitano. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisipoweka masharti yanayokaribiana na hayo, zinaweza kuwa soko la vifaa visivyokubalika kwingine.

Tunapendekeza zabuni za vifaa vya ufuatiliaji wa mazingira na miundombinu ziwe na masharti manne: msimbo chanzo kamili wa kerneli pamoja na viraka, usanidi na maelezo ya maunzi, mapishi ya uundaji na ghala la vyote vilivyopakuliwa, onyesho la kuunda taswira bila mtandao mbele ya wataalamu wa mnunuzi, likifuatwa na kuipakia kwenye kifaa kimojawapo, na tarehe iliyoandikwa ya kukoma kwa matunzo. Malipo ya mwisho yategemee sharti la tatu, kwa kuwa ndilo linalothibitisha mengine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuchagua mahali pa kuchukua msimbo wa kerneli, jambo linaloonekana kuwa la fundi peke yake, huamua iwapo kifaa cha umma kitatunzika. Kufuata ncha ya tawi hupoteza kumbukumbu, kufunga kwa hashi hulinda utambulisho bila kulinda upatikanaji, na mti wa ndani usioingizwa katika hazina huiacha taasisi mikononi mwa mtu mmoja. Hashi pamoja na ghala la ndani lililojaribiwa ndiyo njia inayokidhi mahitaji ya muda mrefu.

Ziwa Kivu limekuwa likikusanya gesi yake kwa karne nyingi, na wajibu wa kulipima hautaisha pamoja na mkataba wa muuzaji. Taasisi iliyokwisha kufunga vifaa inaweza kuanza na jambo moja: kuingia katika kimojawapo, kusoma toleo la kerneli yake, kisha kujaribu kuiunda upya kwa kutumia kilichomo katika makabati na seva zake. Matokeo ya jaribio hilo yataiambia ni kiasi gani cha kifaa hicho ni mali yake.